Goti la Mama Halikuwa Kiatu

Mimi ndiye niliyemharibia mama yangu goti la kulia zaidi ya lilivyokuwa limeharibika, na nilisoma miaka minne Goma ili nijue namna ya kufanya hivyo. Nalisema mapema kwa sababu ndugu zangu wanapenda kulisimulia mbele ya wageni, nami sipendi kutanguliwa.

Kazi yangu ni kine. Ndivyo tunavyoitwa huku kwa kifupi cha Kifaransa: mtu anayetibu viungo na misuli kwa mikono na mazoezi. Nafanya kazi katika kituo cha afya kidogo, mwendo wa pikipiki kutoka Burungu anakoishi mama, na bila magoti ya wanawake ningekuwa nimekosa kazi zamani. Katika milima yetu mwanamke hubeba mzigo mgongoni, kitunga kikining'inia kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso. Anaanza akiwa msichana wa miaka saba au minane. Akifika hamsini goti linaanza kumdai, naye anakuja kwangu, anakaa kwenye benchi na kuniambia mafuta yameisha gotini. Zamani nilikuwa nawacheka kimoyomoyo. Mafuta gani? Goti si taa.

Mama alikuwa amepita sitini goti lake lilipovimba. Ni mjane. Baba alimwachia nyumba chini barabarani na shamba juu ya kilima, la maharagwe na mihogo, mwendo wa karibu saa nzima kwa mtu mwenye miguu mizima. Shamba hilo alilirudia kila tulipotoka ukimbizini. Mara mbili tulilikuta ni pori, mara mbili akalifyeka upya. Kwa hiyo ukimwambia mama habari ya shamba la juu, humwambii habari ya ardhi tu.

Mwanzoni mwa kiangazi, baada ya mavuno, jamaa walikaa uani kwake. Baba yangu mdogo ndiye aliyezungumza, kwa Kiswahili chetu cha huku, ambamo 'njo' ni ndiyo na 'fasi' ni mahali. Si mtu mbaya, na sitaki msomaji amchukie. Mtoto wake wa kiume alikuwa ametoka kambini Kashuga na mke na kichanga, hawana hata pa kusimika jembe.

"Shemeki," alimwambia mama, "hakuna muntu anakukatalia shamba. Lakini shamba haiwezi kulala. Musimu huu bantu bengine njo walikuvunia. Mvua ya kwanza ikinyesha, kama utapanda mulima na miguu yako, ulime. Kama hauwezi, mutoto wangu atalima. Iko na bibi, iko na mutoto, na hawana fasi."

Mama alijibu neno moja tu: "Nimesikia." Kisha akanigeukia mimi. Watu wote wakanigeukia. Msomi wa magoti nilikuwa nimekaa pale na saa mkononi, sasa ningesema nini?

"Baba mudogo," nikasema, "mvua itamukuta kule juu. Miye njo ninakuambia."

Nilijiamini. Bado najiamini, ni tabia yangu na sijaomba dawa yake. Lakini siku ile nilijiamini kwa kitu nisichokifikiria. Usiku wa mtihani hukumbuki kurasa zote, unakumbuka picha moja, na picha niliyobaki nayo kichwani juu ya goti ni ya soli ya kiatu: ukitembea nayo sana inalika, ukitaka idumu uiweke kabatini. Nikamweka mama kabatini.

Wiki sita nzima. Kiti chenye mto, mguu juu ya kigoda, kitambaa cha maji baridi, vidonge baada ya chakula. Dada yangu mdogo akapika, akachota, akafagia. Nilipiga marufuku jikoni, kisimani, hata kanisani, nikamwomba mchungaji aje yeye. Siku za mwanzo, goti likiwa limevimba na la moto, kumpumzisha kulikuwa sawa kabisa. Uvimbe ulipungua, mama akasema sasa anajisikia anaweza kuzunguka nyumba, nikamkatalia. Mgonjwa wa mtu mwingine nisingemfanyia hivyo, ningemsimamisha siku ya nne na kumwambia atembee. Wahenga wamesema mganga hajigangi. Waongeze hapo: wala hamgangi mama yake.

Mwisho wa wiki ya sita nikaja na pikipiki, nimefurahi, nikamwambia ainuke. Alishika mikono ya kiti, akasukuma, akarudi chini. Akasukuma tena. Nilipandisha kitenge chake na kuona paja limekuwa jembamba juu ya goti, nyama imelegea kama imekopwa. Mama naye akalitazama.

"Hii muguu iko ya nani?" aliuliza.

Hakuwa anatania. Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia, si kidogo, na kuku wa dada yangu wakakaa mbali. Nililia kwa aibu kuliko huruma, afadhali niseme ukweli. Zilibaki kama wiki nane kabla ya mvua, na mwenye kumfunga mama miguu hakuwa baba mdogo.

Nyumbani kwangu nina sanduku la bati lenye madaftari ya shule. Limekimbia nami mara nyingi kuliko godoro. Nikalifungua, nikatafuta somo la gegedu, nikalisoma kama mtu anayesoma barua ya kushtakiwa.

Gegedu, kartilaji kwa Kifaransa, ni ile nyama nyeupe inayoteleza, iliyofunika ncha za mifupa pale inapokutana. Ukila mguu wa kuku unaikuta, na wengine wetu tunaitafuna. Haina mshipa wa damu hata mmoja. Ndani yake zimo seli chache, kila moja imejifungia katika kijumba chake, na kazi ya seli hizo ni kutengeneza na kutunza vitu viwili. Cha kwanza ni wavu wa nyuzi ngumu za kolajeni. Cha pili ni molekuli kubwa zenye kiu, zilizojaa ndani ya wavu, zinazovuta maji na kuyang'ang'ania. Maji yanataka kupanua, wavu unakataa, na katika kuvutana huko gegedu inapata ule ugumu wenye kunyumbuka unaobeba uzito wa mtu na mzigo wake.

Na chakula? Hapo ndipo nilipopigwa kofi. Kwa vile damu haifiki, seli zinakula kupitia majimaji ya ndani ya kiungo. Unapokanyaga, gegedu inabanwa na maji yanatoka. Unapoinua mguu, inavuta maji mengine ndani. Hatua ndiyo inayosukuma. Zaidi ya hapo, seli zinahisi kubanwa kwenyewe: zikibanwa kwa kiasi, mara kwa mara, zinaendelea kutengeneza, na ishara zinazoleta uvimbe zinatulizwa. Zikibanwa kupita kiasi zinaumia. Zisipobanwa kabisa, zile molekuli zenye kiu zinaanza kupungua. Mimi nilikuwa nimezinyima chakula seli za mama yangu kwa wiki sita na kuliita jambo hilo matibabu. Nilikuwa pia nimelinyang'anya goti msuli wa paja, ambao ndio unaopokea kishindo kabla hakijafika kwenye mfupa.

Ukurasa uliofuata ulikuwa na maelezo niliyoyapigia mstari mwekundu nikiwa mwanafunzi, halafu nikayasahau. Katika ugonjwa huu, ambao kwa Kifaransa tunauita artroze, gegedu hailiki kama soli. Inakatwa. Seli zinapopata ujumbe wa hatari, unaotoka kwenye utando wa kiungo uliovimba au kwenye vipande vya gegedu yenyewe vilivyovunjika, zinageuza kazi. Zinaanza kumwaga vimeng'enya, yaani protini ndogo zenye kazi ya kukata. Vya kwanza vinakata molekuli zenye kiu. Hasara hiyo bado inarudishika. Baadaye vinakuja vingine vinavyokata nyuzi za wavu, na wavu wa mtu mzima ukishakatwa, mwili hauufumi tena kama ulivyokuwa. Seli zinajaribu, hilo lazima nizipe sifa. Zinagawanyika, zinajikusanya vikundi vikundi, zinatengeneza kitu cha kuziba. Lakini zinachozibia ni kiraka cha nyuzi za kovu, hakina nguvu ya nguo ya kwanza.

Asubuhi yake nikaenda kwa mama. Sikuanza na samahani, maana ningelia tena. Nikamkuta ameloweka maharagwe, akiwa bado amekaa kwenye kile kiti nilichoanza kukichukia. Nikatoa harage moja majini na kumwekea kiganjani.

"Mama, kartilaji iko hivi. Ndani iko na kitu inavuta maji. Inje iko na ngozi inakataza maji isipanue sana. Njo maana ukifinya, inakufinyia nawe."

Akalifinya. Likasukuma vidole vyake. Nikachukua jingine ambalo ngozi yake ilikuwa imepasuka, limevimba na kulainika. "Na hii njo yako."

Mama si mtu wa kukubali jambo kwa heshima ya shahada. "Na ile ngozi, nani aliipasua? Mizigo?"

"Mizigo ilisaidia. Lakini kuko kitu inakata. Unakumbuka presure?"

Alikumbuka vizuri sana. Marehemu baba alifanya kazi miaka mingi kwa watu wa jibini upande wa Mushaki, na mama ndiye aliyekuwa akipima presure, yale maji ya tumbo la ndama yanayogandisha maziwa. Kijiko kidogo kwa sufuria kubwa, na baada ya muda maziwa yote yamekatika.

"Basi nani alitia presure mu goti yangu?" aliuliza.

"Goti yenyewe, Mama. Zile seli za kuijenga, njo zile zile zinaikata."

Mama alilirudisha harage bakulini. "Ah," akasema. "Inafanana na jamaa."

Tulicheka mpaka dada akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi pia nilikuwa katika nguo ile. Hapo ndipo nilipoweza kumwambia kwamba nilikosea, kwamba kiti nilichomkalisha kilikuwa adui yake, na naomba anisamehe. Alisema amekwisha kujua tangu wiki ya tatu. Kwa nini hakusema? Kwa sababu mimi ndiye niliyesoma, alijibu, na alitaka kuona masomo yatafika wapi. Huyo ndiye mama yangu.

"Sasa itarudi?" aliuliza. "Kartilaji."

"Hairudi," nikamwambia. "Sitakudanganya. Ile imebaki tunaweza kuilinda, na paja tunaweza kuirudisha. Goti itakuwa na kipimo yake. Ukipita pale, itakukasirikia."

Tukaanza siku hiyo hiyo. Kukaa na kuinuka kitini, mwanzoni nikimshika kwapani, mara tano, halafu mara nane, mwishowe mikono kifuani. Kuzunguka nyumba. Kufika barabarani. Kupanda kipande cha kwanza cha kilima mpaka kwenye mti wa mparachichi wa jirani na kurudi. Nilimwambia kwamba maumivu madogo wakati wa zoezi tunayavumilia, yakiwa yamelala ifikapo kesho yake. Yakikesha naye, tumezidisha. Alilielewa haraka kuliko wagonjwa wangu wengi, kwa kuwa ni mkulima, na mkulima anajua kwamba mmea haukui kwa kuvutwa.

Kilichotushinda ni kushuka. Goti bovu linaumia zaidi kwenye mteremko kuliko kwenye mwinuko, na kwetu kuna jambo lisiloandikwa popote: mwanamke hatoki shambani mikono mitupu. Anashuka na kuni, au mihogo, au majani ya ng'ombe wa mtu. Ukionekana unashuka na kitunga kitupu, walioko barabarani wanakuuliza kama umefiwa. Nikamwambia mama kwamba mwaka huu atashuka mtupu. Akaniambia heri akae chini mpaka kufa. Nikapandisha sauti, akapandisha yake. Nikamwambia ni ujinga kubeba mihogo ili majirani wasiseme, akaniambia ujinga ni kusoma Goma na usijue majirani ni nani. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndivyo ilivyo, na mimi nilikuwa nimekaa juu ya pikipiki nikimpimia mtu mzigo wake. Siku tatu hatukuzungumza, ingawa mazoezi aliyafanya, dada aliniarifu.

Siku ya nne alishuka kutoka kwenye mparachichi na kitunga kilichofurika. Nilikuwa barabarani nikaona rundo la majani ya sombe, yaani kisamvu, linakuja, mama yuko chini yake, ameinamia ukanda wa paji kwa mwendo wa mtu aliyebeba mawe. Damu ilinichemka. Wanawake waliokuwa wakiuza vitunguu kando ya njia wakasema, sikiliza, ule mama amepona. Alipofika nyumbani nikamshika kitunga kwa hasira ili nikitue, nikakiinua kwa mkono mmoja, nikataka kuanguka nyuma. Chini ya sombe kulikuwa na maganda makavu ya maharagwe, mepesi kama pumzi.

"Kipimo yangu njo hiyo," alisema mama, akifuta jasho ambalo hakulitoa. "Uandike mu kaye yako."

Niliandika kwenye daftari kweli. Siku hizi nawafundisha wagonjwa wangu kitunga cha maganda, na kinawasaidia zaidi kuliko maneno yangu yote juu ya vimeng'enya. Wengine wanaongeza kuni moja ndefu ichungulie juu.

Mvua ya kwanza ilinyesha alasiri, ya pili ikaja kesho yake, na asubuhi iliyofuata tukapanda kilima. Mama na fimbo yake mbele, mimi na dada nyuma na mbegu. Alipanda kwa kupindapinda njia, si kwa kuikata moja kwa moja, na kila alipotaka alisimama. Ilituchukua karibu saa mbili. Sikumshika mkono hata mara moja, alikuwa ameniambia nikimshika atarudi. Kabla ya kipande cha mwisho nilisali kimya, na mimi si mtu wa kusali nikitembea.

Baba mdogo alikuwa juu, amefika kabla yetu, na mwanawe na mkamwana na kichanga mgongoni. Walikuja na majembe. Sijui walikuwa wamejiandaa kwa lipi. Mama aliwasalimu mmoja mmoja, akamwuliza mkamwana kama mtoto amelala vizuri, akatua fimbo na kushika jembe. Akalima mstari mzima, kutoka ukingo hadi ukingo, akidondosha maharagwe na kufukia kwa wayo wake. Alipomaliza alinyooka polepole, mkono kiunoni, akapumua.

"Basi, shemeki," akasema baba mdogo. "Mulima ni wako."

Nilijisikia kama mtu aliyeshinda kesi. Nilitaka kumwambia baba mdogo maneno, nilikuwa nayo tayari, nilikuwa nimeyatunga tangu kwenye mparachichi. Lakini mama alikuwa ameanza kutembea. Alikwenda mpaka katikati ya shamba, kwenye mstari wa matete unaozuia udongo usishuke, akamwita mkamwana kwa mkono.

"Kuanzia hapa mupaka chini," alimwambia, "ulime weye. Miye njo nakupatia. Hakuna muntu mwingine anakupatia."

Yule binti alipiga magoti. Mimi nilikasirika kiasi kwamba masikio yalikuwa ya moto. Wiki nane. Kuinuka na kukaa, ugomvi wetu, aibu yangu yote, na sasa nusu ya shamba inaondoka kwa sentensi tatu. Nikamfuata mama na kumsemesha chini kwa chini.

"Mama, juu ya nini? Si ungewaachia tangu mwezi wa sita, na usiteseke?"

"Weye njo ulisema goti iko na kipimo," alijibu. "Nusu, inaweza. Yote, haiwezi, hata na maganda." Alilitazama shamba, juu na chini, bila haraka. "Mu mwezi wa sita wangechukua. Leo ninapeana."

Binti alikuwa amesimama kwenye matete na jembe mkononi, hajui kama anaruhusiwa kuanza, kichanga kikimlalia mgongoni. Nikaenda nikafungua kitenge alichombebea mtoto, nikambeba mtoto mimi, ili ainame apande maharagwe yake.